KITI CHA KWANZA NI CHA NANI?

Ndege mpya ya abiria inapoanza kazi, hupimwa mambo mengi: uzito wake, mbio zake, mafuta inayotumia, kishindo cha injini zake na idadi ya watu inaoweza kuwachukua. Liko jambo moja ambalo halipimwi na mhandisi yeyote, nalo ni hili: katika safari yake ya kwanza yenye abiria, ni nani waliovikalia viti vyake, na walivipataje? Wako wanaoliona swali hili kuwa ni la watu wasio na kazi. Kiti ni kiti, husema watu hao, na awahiye ndiye akaaye. Lakini historia ya usafiri wa anga inaonyesha kwamba kiti cha safari ya kwanza ni tangazo. Humweleza kila aliyebaki chini akitazama juu kwamba chombo kile kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa aina gani, na kwamba yeye amehesabiwa miongoni mwao au ameachwa nje.

Njia za kukipata kiti hicho ni nne. Ya kwanza ni kulipa nauli iliyotangazwa. Ya pili ni kushinda mnada. Ya tatu ni kuangukiwa na kura. Ya nne ni kualikwa. Kila moja ina maadili yake, na kila moja humfundisha mwananchi somo lake. Pale ambapo ndege imenunuliwa kwa fedha za umma, njia ya tatu ndiyo inayostahili, na ya nne ndiyo mbaya kuliko zote. Mifano ya kuthibitisha hoja hiyo ni mingi, na mmoja wao uligusa ardhi ya Afrika Mashariki.

PAUNI 175 KUPITIA ENTEBBE

Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya jeti aina ya Comet, mali ya shirika la Uingereza la BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti iliyobeba abiria kwa ratiba na kwa nauli. Ilipitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikakata zaidi ya kilomita 10,000 katika muda usiotimia saa 24. Nauli ya kwenda tu ilikuwa pauni 175, na ya kwenda na kurudi pauni 315.

Inafaa kuitazama njia hiyo kwa makini. Vituo vitatu kati ya vitano vilivyokuwa njiani vilikuwa katika bara la Afrika, na mwisho wa safari ulikuwa Afrika vilevile. Uganda wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, Tanganyika chini ya udhamini wake, na Kenya koloni lake. Huko Afrika Kusini, serikali iliyoingia madarakani mwaka 1948 ilikuwa imekwisha kuifanya rangi ya ngozi kuwa cheti cha mtu cha kuruhusiwa au kukatazwa. Katika hali hiyo, Entebbe iliingia katika historia ya jeti kama mahali pa kutilia mafuta. Kiwanja kilikuwa cha Afrika, jasho la kukitengeneza lilikuwa la Mwafrika, lakini ndege ile ilipotua na kuruka tena, mkulima wa pamba wa Uganda hakuwa na sehemu yake humo. Haikuhitajika sheria ya kumkataza asipande. Pauni 175 zilitosha kuwa sheria.

Hata hivyo, haki itendeke kwa BOAC. Nauli ile, pamoja na ukali wake, ilikuwa wazi. Iliandikwa, ikatangazwa, na aliyekuwa nayo alijulikana kwamba anayo. Ubaguzi wa mfuko ni ubaguzi, lakini ubaguzi unaoandikwa ukutani ni rahisi kupigwa vita kuliko ule unaonong'onwa ofisini. Jambo hili litakumbukwa mbele, njia ya nne itakapojadiliwa.

KODI YA WENGI, VITI VYA WACHACHE

Miaka 18 baada ya Comet, ilikuja ndege kubwa aina ya Boeing 747. Safari yake ya kwanza yenye abiria ilipangwa kuondoka New York kwenda London jioni ya tarehe 21 Januari, 1970, kwa shirika la Pan American. Injini ya ndege iliyoandaliwa ikapata joto kupita kiasi. Abiria zaidi ya 300 wakangoja kwa saa nyingi, ikaletwa ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, nao wakaondoka kukaribia saa 8 usiku, tarehe 22. Katika yote yanayokumbukwa juu ya safari ile, la maana zaidi ni ukubwa wa chombo. Viti vilipokuwa vingi katika ndege moja, gharama ya kumsafirisha mtu mmoja ilipungua, na watu ambao baba zao waliwahi kuiona ndege kwa macho tu wakaanza kununua tiketi. Ndege ile iliongeza watu. Ndiyo sifa yake.

Concorde ilikuwa kinyume chake. Tarehe 21 Januari, 1976, ndege mbili za aina hiyo ziliruka wakati mmoja, moja ikitoka London kwenda Bahrain, na nyingine ikitoka Paris kwenda Rio de Janeiro kwa kupitia Dakar. Zilikwenda kwa mbio zinazoipita sauti mara mbili. Kwa mara nyingine bara la Afrika likawa kituo cha mafuta katika safari ya kwanza ya wengine. Lakini dhuluma kubwa zaidi ilikuwa huko huko Ulaya. Concorde ilibuniwa na kuundwa kwa fedha za hazina za Uingereza na Ufaransa, yaani kwa kodi ya mchimba makaa ya mawe, ya muuguzi na ya mwalimu wa shule ya msingi. Ilipokuwa tayari, ilikuwa na viti 100 hivi tu, na nauli yake ilipita hata ile ya daraja la kwanza katika ndege za kawaida. Waliolipa gharama ya kuitengeneza walibaki kuisikia ikinguruma juu ya mapaa ya nyumba zao. Ndege hizo ziliacha kubeba abiria mwaka 2003, na wengi kati ya hao walipakodi hawakupata kuiona hata ngazi yake.

Fundisho la Concorde si kwamba serikali isitumie fedha za umma kwa mambo makubwa. Serikali isiyothubutu haijengi kitu. Fundisho ni kwamba kuchangisha kwa wote na kugawa kwa wachache ni unyonyaji hata kama chombo chenyewe ni cha ajabu, na hata kama kila mtu anaimba kwamba ni fahari ya taifa. Fahari isiyokuwa na kiti cha mwananchi ni fahari ya mtu mwingine.

MNADA WA SINGAPORE

Mnada ndio njia inayopendwa na ubepari wa siku hizi, kwa sababu unaweza kuvaa kanzu ya huruma. Mwaka 2007, shirika la ndege la Singapore lilikuwa la kwanza duniani kupokea Airbus A380, ndege kubwa ya ghorofa mbili iliyokuwa imecheleweshwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na matatizo ya nyaya zake za umeme. Viti vya safari ya kwanza, kutoka Singapore kwenda Sydney, viliwekwa mnadani kwa njia ya mtandao wa eBay. Watu wa nchi mbalimbali walishindana kuongeza dau. Mtu mmoja alilipa dola za Kimarekani 100,380 kwa nafasi mbili katika vyumba vidogo vya faragha vilivyokuwa na vitanda. Tarakimu tatu za mwisho katika dau lake ni jina la ndege yenyewe, na safari nayo ilipewa namba hiyo hiyo. Tarehe 25 Oktoba, 2007, abiria 455 waliruka. Fedha zilizopatikana mnadani, zaidi ya dola milioni 1, zilipelekwa kwenye mfuko wa hisani wa Singapore, kwenye hospitali za watoto mjini Sydney, na kwa Madaktari Wasio na Mipaka.

Wanaoutetea mnada huo wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Husema kwamba hapa tajiri alitozwa kwa hiari yake, mtoto mgonjwa akapata dawa, wala maskini hakunyang'anywa kitu. Husema pia kwamba hapakuwa na siri: dau lilijulikana, mshindi alijulikana, na fedha zilikokwenda palijulikana. Mambo hayo yote ni kweli. Kama ingekuwa lazima kuchagua kati ya mnada wa hadharani na mwaliko wa siri, mtu mwenye akili timamu angeuchagua mnada.

Lakini yapo mambo mawili ambayo kanzu ya huruma haiwezi kuyaficha. La kwanza ni kwamba hospitali ya watoto haipaswi kungoja mpaka tajiri atamani kulala kitandani angani. Mtoto ana haki ya kutibiwa ndege ikiruka au isiporuka. Mahali ambapo tiba ya watoto huombewa sadaka kwenye mnada wa viti, hapo haki imekwisha kugeuzwa kuwa hisani, na hisani humwinua anayetoa kuliko anayepokea. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hujitembeza, na hujitembeza kwa mgongo wa mgonjwa. Shirika lilipata sifa duniani kote kwa bei ya viti vya siku moja.

La pili ni kitu chenyewe kilichonunuliwa. Aliyelipa dola 100,380 na aliyelipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo walitua Sydney dakika ile ile. Kilichouzwa kwa bei ya ajabu kiasi hicho ni ule ukwanza: haki ya kusema, maisha yake yote, kwamba yeye alikuwamo. Basi mnada hufundisha kwamba hata kumbukumbu ya siku kubwa ni bidhaa, na kwamba aliye na fedha nyingi ndiye anayestahili kuikumbuka kwa niaba ya wengine. Penye udhia, penyeza rupia. Hiyo ni methali tu. Mnada umeifanya kuwa utaratibu.

WATU 25,000 WALIOPIGA KURA YA VITI

Je, kuna njia nyingine? Wajapani walijibu swali hilo kwa vitendo, ingawa jibu lao lilikuwa la nusu. Tarehe 26 Oktoba, 2011, shirika la ANA la Japani lilirusha safari ya kwanza ya abiria ya Boeing 787, kutoka Narita kwenda Hong Kong. Baadhi ya viti vya daraja la juu vilipigwa mnada, na dau kubwa lilipita dola 30,000. Lakini viti 100 vya daraja la kawaida vilitolewa kwa kura. Walioomba walikuwa zaidi ya 25,000.

Hesabu hiyo ina maana kubwa. Kwa kila kiti kimoja walikuwapo waombaji 250 au zaidi. Kama viti hivyo vingeuzwa kwa anayezidisha, bei yake ingepanda mpaka wangebaki wenye uwezo peke yao. Kura haikumwuliza mtu mshahara wake, wala jina la ukoo wake, wala idadi ya wakubwa anaowajua. Walioshinda walishinda kwa haki, na walioshindwa, ambao ni wengi mno, walikwenda nyumbani bila kinyongo, kwa sababu hakuna aliyewadharau. Utaratibu unaowafanya watu 24,900 wakose kitu na bado wasione kwamba wameonewa ni utaratibu wa kuigwa.

MWALIKO NA UMANGIMEZA

Sasa ifikiriwe njia ya nne. Mwaliko hauna bei, na ndiyo sababu huonekana kuwa hauna hasara. Kumbe ndiyo njia yenye hasara kuliko zote. Kiti cha ndege ni bidhaa inayooza upesi kuliko nyanya za sokoni. Nyanya isiyouzwa leo inaweza kupunguzwa bei kesho. Kiti kisicholipiwa, mlango wa ndege ukishafungwa, kimekufa na thamani yake. Mafuta yameteketea, magurudumu yamelika, rubani na wahudumu wamelipwa, lakini hakuna senti iliyoingia katika daftari. Na kama mwalikwa ni mtumishi wa umma, si ajabu akawa amelipwa na posho juu yake. Umma humnunulia ndege, humpa kiti, kisha humlipa kwa kazi ya kukalia.

Ubaya wa mwaliko haukomei kwenye hesabu. Nauli ya BOAC ilimwuliza abiria ana pauni ngapi. Mnada wa Singapore ulimwuliza yuko tayari kutoa dola ngapi. Mwaliko humwuliza anamjua nani. Hakuna tangazo linalobandikwa kueleza sifa za kuchaguliwa. Hakuna daftari analoweza kulifungua mlipakodi akaona kwa nini fulani yumo na fulani hayumo. Orodha huanza na watu wanaostahili kweli kwa kazi zao, kisha huongezwa jina kwa kalamu, na jingine kwa simu, na jingine kwa sababu ofisi fulani itanuna isipowakilishwa. Huo ndio umangimeza halisi: meza hugeuka kuwa mlango, na mwenye meza akawa bawabu wa mali isiyokuwa yake.

Waandishi wa habari nao wasijitoe katika lawama hii. Mwandishi aliyepewa kiti cha bure atapata tabu kuandika kwamba ndege ilichelewa au kwamba kiyoyozi kilikuwa kibovu. Ataandika juu ya rangi ya viti na tabasamu la wahudumu, na msomaji aliyenunua gazeti kwa fedha yake atakuwa amenunua shukrani za mtu mwingine. Chombo cha habari kinachotaka kuripoti safari ya kwanza na kilipe nauli.

Lakini dhara kubwa kuliko yote ni mazoea. Anayekaa bure katika safari ya kwanza hujiona ana haki ya kukaa bure katika ya pili, na kufika ya kumi huona ameonewa akiombwa tiketi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na shirika la ndege nalo ni hivyo hivyo. Likizaliwa mikononi mwa wageni waalikwa, litakua likijua kuwaangalia wakubwa kuliko kumwangalia abiria aliyelipa, anayeketi kwenye benchi tangu alfajiri akingoja kuelezwa sababu ya kuchelewa.

NDEGE YA TANZANIA NA WENYE NDEGE

Swali hili linaihusu Tanzania moja kwa moja. Tarehe 8 Julai, 2018, ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 262 ilitua Dar es Salaam na kupokewa na Rais John Magufuli. Mwezi huo huo ilianza kubeba abiria katika safari za ndani ya nchi. Kama zilivyokuwa ndege nyingine zilizonunuliwa tangu mwaka 2016, ilinunuliwa kwa fedha za serikali, ikakodishwa kwa Shirika la Ndege Tanzania na Wakala wa Ndege za Serikali. Hapa hapana fumbo la nani mwenye ndege. Mwenye ndege ni kila aliyenunua kitu dukani akalipa kodi iliyomo katika bei yake. Ni mwalimu wa Nachingwea, ambaye kodi ya mshahara wake hukatwa kabla hajauona. Ni karani wa wilaya ya Kasulu. Ni mkulima wa korosho, mvuvi wa Ukerewe na mama anayeuza vitumbua stendi.

Safari iliyopita imekwisha kupita, na shabaha si kuwatafuta waliokuwamo. Lakini ndege nyingine mpya zitakuja, na njia nyingine zitafunguliwa. Inafaa utaratibu uwekwe sasa, kabla simu hazijaanza kulia. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Viti vyote vya safari ya kwanza, ukiviacha vya wale wanaofanya kazi ndani ya ndege, viuzwe kwa nauli ile ile ya kila siku kwa watu watakaoangukiwa na kura. Majina yapokelewe mikoani, na kura ichezeshwe hadharani. Kiongozi anayetamani kupanda aingize jina lake pamoja na majina ya wengine. Likitoka, apande na kupongezwa. Lisipotoka, angoje safari ya pili, nayo itaruka vilevile.

Yatasemwa mambo matatu ya kupinga. Kwanza, kwamba kabwela hana nauli, hivyo kura haitamfaa. Jibu ni kwamba watu wa nchi hii huchangiana harusi, misiba na matibabu. Walimu wa shule ambayo mwenzao ameangukiwa na bahati hiyo hawatashindwa kumchangia ili aende akarudi na habari za kuwasimulia wanafunzi. Na hata kama nauli bado ni kubwa kwa wengi, hiyo ni sababu ya kuijadili nauli, wala si sababu ya kumpa kiti mtu mwenye uwezo wa kulipa.

Pili, kwamba wakubwa wakipanda kwanza huwatia wananchi imani juu ya usalama wa ndege. Hoja hii ni potofu. Ndege haiwi salama kwa cheo cha aliyeketi ndani yake. Usalama hutokana na ukaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga, elimu ya mafundi na uaminifu wa yule anayekaza parafujo saa 9 usiku. Tatu, kwamba kura inaweza kufanyiwa hila. Ni kweli, inaweza. Lakini hila ya kura ni wizi, na mwizi akikamatwa hushtakiwa. Hila ya mwaliko haina hata jina, kwa sababu mwaliko wenyewe ndio hila.

BAADA YA PICHA

Ngoma ivumayo haidumu. Ile Comet iliyopita Entebbe mwaka 1952 ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari, 1954, ikaua watu wote 35 waliokuwamo. Uchunguzi uligundua kwamba bati la mwili wa ndege za aina hiyo lilichoka na kupasuka kwa sababu ya hewa iliyokuwa ikijazwa na kupunguzwa ndani yake katika kila safari. Ile 747 iliyowapeleka abiria London mwaka 1970 ndiyo iliyoteketea katika ajali ya Tenerife tarehe 27 Machi, 1977, ajali iliyoua watu 583. Pan American yenyewe iliacha kuruka mwaka 1991. Na ile A380 ya kwanza, ambayo viti vyake viligombewa kwa maelfu ya dola, iliondolewa kazini mwaka 2017 baada ya miaka 10 tu, ikapelekwa Tarbes, Ufaransa, ikafunguliwa na kuuzwa vipande vipande. Kiwanda kilikoma kuunda ndege za aina hiyo mwaka 2021.

Hayo hayatajwi kwa ajili ya kuamini mikosi. Yanatajwa ili kuonyesha kwamba safari ya kwanza haihakikishi lolote. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki nalo lilikuwa na siku zake za vigelegele: liliundwa mwaka 1946, likaanza kurusha Comet za aina mpya zaidi mwaka 1960, na VC10 mwaka 1966. Mwaka 1977 likafa, nchi wanachama zikiwa hazielewani juu ya malipo na madeni. Na katika miaka ya karibuni, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mara kwa mara kwamba Shirika la Ndege Tanzania limepata hasara, na kwamba ndege zake aina ya Airbus A220 zilikaa chini kwa muda mrefu kwa matatizo ya injini. Shirika lenye hesabu za namna hiyo halina kiti hata kimoja cha kugawa kwa upendeleo.

Basi thamani ya kiti cha kwanza iko katika kile kinachoahidi juu ya viti vitakavyofuata. Kikikaliwa na aliyelipa nauli yake na kuchaguliwa kwa haki, kimeahidi kwamba abiria ndiye bwana wa shirika, na kwamba siku ndege itakapochelewa ataelezwa sababu. Kikikaliwa na aliyeitwa kwa simu, kimeahidi kinyume chake, na ahadi hiyo, kwa bahati mbaya, hutimizwa.

Utaratibu wa namna hii hautaletwa na shirika la ndege peke yake, bali na watumishi wa umma wanaoziandika orodha na kuzipeleka zikasainiwe. Siku moja karani ataletewa mezani kipande cha karatasi chenye jina la kuongezwa katika safari ya kwanza. Hatadhurika kwa kuuliza kwa upole jina hilo limeingia kwa kura ya siku gani. Mwalimu naye, anapofundisha darasani kwamba mali ya umma ni mali ya kila mtu, atakuwa na mfano wa kuwaonyesha wanafunzi wake, au atakuwa na swali lao la kujibu. Na orodha ya abiria wa safari ya kwanza, pamoja na nauli aliyolipa kila mmoja wao, ibandikwe ukutani pale kiwanjani, mahali ambapo hata mfagiaji anaweza kusimama akaisoma.